Shajara ya mradi: chaguzi za Ulaya kwa Kiswahili, Berlin, Januari hadi Julai 2025

11 Januari 2025, Jumamosi

Chumba tumepata. Chuo kikuu kimoja hapa Berlin kina mihadhara ya jioni kuhusu siasa za Ulaya, iliyo wazi kwa yeyote, na kimekubali kutupa chumba cha semina kilicho ubavuni mwa ukumbi mkubwa. Mhadhara ukiisha saa mbili usiku, wanaotaka kuendelea kwa Kiswahili watahamia kwetu kwa saa moja. Tumekiita baraza. Tuko watatu: mimi niliye mkalimani na mzaliwa wa Tanga, mwenzangu wa Mombasa anayesomea uzamili wa siasa, na mzee wa Lubumbashi ambaye sote tunamwita Baba Mkubwa, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na Wakongo wote wa mtaani kwake.

Kilichotusukuma ni simu. Tangu 6 Novemba, Kansela Olaf Scholz, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alipomfuta kazi waziri wake wa fedha, Christian Lindner, na serikali ya mseto wa vyama vitatu ikavunjika, watu wananipigia kila jioni. Swali linalorudi ni moja: "Inakuwaje kiongozi aombe kura ya imani huku anataka kushindwa?" Maana ndivyo ilivyokuwa 16 Desemba. Waliomuunga mkono 207, waliokataa 394, waliojizuia 116, na yeye mwenyewe akatoka pale amepata alichokitaka. Kansela wa Ujerumani hana mamlaka ya kulivunja Bunge. Njia iliyopo ni kuomba imani, kunyimwa, kisha kumwendea Rais wa nchi. Rais Steinmeier alilivunja 27 Desemba, na uchaguzi ukawekwa 23 Februari, miezi saba kabla ya wakati wake.

Jibu hili nimelieleza kwenye simu si chini ya mara kumi. Afadhali nilieleze mara moja, watu wakiwa wamekaa, na chai ipo.

18 Januari, Jumamosi

Leo tumeshinda kwenye msamiati. Nilidhani ni kazi ya saa moja, tumemaliza saa nne usiku.

Ugomvi wa kwanza: neno "jimbo". Ujerumani ina majimbo 16, Bavaria, Saxony, Berlin yenyewe na mengine. Lakini kwa Mtanzania jimbo ni pale mbunge anapochaguliwa, na sehemu za namna hiyo Ujerumani ni 299. Ukisema "ameshinda jimbo la Bavaria", mmoja atadhani kashinda kiti kimoja, mwingine atadhani kachukua serikali nzima ya Munich. Mwenzangu wa Mombasa akatoa dawa: "Sisi Kenya tunasema eneo bunge." Nilibisha kidogo kwa mazoea, kisha nikakubali. Kuanzia leo jimbo ni jimbo kama la Bavaria, na anakochaguliwa mbunge ni eneo bunge.

Ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi. Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili kwenye karatasi moja, nao wanaziita kura ya kwanza na kura ya pili. Tukitafsiri hivyo hivyo, "kura ya pili" itasikika kama duru ya pili, au kama kura ya mtu wa akiba. Na hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu ndiyo inayogawa viti vya Bunge lote. Tumeamua: kura ya mbunge, kura ya chama. Baba Mkubwa aliisoma orodha yote kwa sauti, akasema hapo sasa hata mama yake angeelewa.

30 Januari, Alhamisi. Baraza la kwanza

Tulijiandaa kuzungumzia kura ya imani. Jana mambo yakageuka. Bungeni, hoja ya CDU/CSU, vyama ndugu vya kihafidhina vilivyo upinzani, ya kukaza sheria za uhamiaji ilipita kwa kura 348 dhidi ya 344, na ilipita kwa msaada wa AfD, chama cha mrengo wa kulia kabisa ambacho vyama vingine vyote vimekuwa vikiapa kutoshirikiana nacho. Leo ukumbi mkubwa umejaa mpaka ngazi zikakaliwa. Wajerumani wenyewe walikuwa wakiulizana kwa sauti za juu, na profesa aliweka kando nusu ya alichoandika.

Kwetu walikuja watu 19. Viti vilikuwa 15.

Mama mmoja anayefanya kazi ya usafi wa ofisi usiku alisubiri wengine waseme, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, hiyo iliyopita jana, ni sheria? Nianze kufunga mizigo?" Chumba kizima kilinyamaza. Kijana wa Mombasa akamjibu vizuri sana, akimwita mama, bila haraka: iliyopita jana ni hoja, ni Bunge kutamka msimamo wake na kuitaka serikali ifanye kitu. Haimlazimishi ofisa yeyote kugonga mlango wako. Muswada wa sheria wenyewe unapigiwa kura kesho, na ukipita Bungeni bado kuna Bundesrat, baraza la serikali za majimbo.

Mama akasema, "Basi kesho nitaangalia taarifa ya habari." Alikaa mpaka mwisho, akasaidia kuosha vikombe.

*Nyongeza ya 31 Januari:* muswada umeanguka, kura 338 dhidi ya 349. Nilimpigia mama yule mwenyewe kabla hajaingia kazini.

13 Februari, Alhamisi. Baraza la pili

Kura mbili na kizingiti. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura za chama nchi nzima hakigawiwi viti, isipokuwa kimeshinda maeneo bunge matatu au zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kulieleza hili kama jambo geni kabisa. Dada mmoja wa Dodoma akanyoosha mkono: "Lakini hicho kizingiti tunacho nyumbani. Viti maalumu vya wanawake." Ni kweli tupu. Katiba ya Tanzania inavigawa viti maalumu kwa uwiano wa kura za ubunge, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati hata kimoja. Miaka yote tumekuwa na kipande cha mfumo huu ndani ya nyumba yetu, tukakiita jina jingine. Nilifuta ubao, nikaanza upya kutoka Dodoma kwenda Berlin badala ya kutoka Berlin kwenda Dodoma, na uso wa kila mtu ukafunguka.

Jipya kwao lilikuwa hili. Bunge lililovunjwa lilichaguliwa likiwa na wajumbe 736, na sheria ya 2023 imelifunga kwenye 630, si zaidi. Matokeo yake, mtu anaweza kuongoza katika eneo bunge lake na bado asiingie Bungeni, kama kura za chama chake katika jimbo hilo hazitoshi kukibeba kiti chake. Watu walilikataa hili kabisa. "Ameshinda au hajashinda?" Tulilirudia mara tatu. Nadhani wamelielewa, lakini hawajaliridhia, na sioni kwa nini waliridhie.

Betri za vipaza sauti zilikufa katikati. Safari ijayo nibebe za akiba.

23 Februari, Jumapili. Siku ya uchaguzi

Sina kura hapa, maana sina uraia. Lakini sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu yeyote kutazama kura zikihesabiwa, na sikutaka kusimulia jambo ambalo sijaliona kwa macho yangu. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi nilikuwa kwenye shule ya msingi ya mtaani kwangu, Neukölln. Mwanamke aliyesimamia kituo aliniuliza kama nimekuja kutazama. Nikasema ndiyo. Akanionyesha kiti karibu na kabati la vitabu vya watoto. Hakuniuliza pasipoti wala ninatoka wapi.

Saa kumi na mbili kamili mlango ulifungwa kwa wapiga kura, ukabaki wazi kwa watazamaji. Waliunganisha meza nne za wanafunzi, wakafungua sanduku, wakamwaga. Sauti ya karatasi zile zikianguka bado iko masikioni mwangu. Walizikunjua moja moja, karatasi ndefu yenye safu mbili: kushoto wino mweusi, mbunge, kulia wino wa bluu, chama. Wakazipanga mafungu, wakahesabu, wakabadilishana mafungu, mwingine akahesabu tena aliyohesabu mwenzake. Fungu moja lilizidi karatasi moja, wakalirudia lote. Hakuna mashine. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hii iliamua kwamba kompyuta za kupigia kura zilizokuwa zimetumika haziendani na katiba, kwa kuwa mwananchi wa kawaida lazima aweze kuthibitisha hatua kuu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu wa chochote. Nilikuwa nimeisoma hukumu hiyo. Leo nimeiona mezani, kwenye chumba chenye picha za twiga zilizochorwa na watoto.

Na ni jiji hili hili lililovuruga uchaguzi wa Septemba 2021: karatasi pungufu, karatasi za eneo jingine, foleni zilizopita muda wa kufunga, huku mbio za marathoni zimefunga barabara. Uchaguzi wa jiji ulirudiwa wote Februari 2023, na ule wa Bunge ukarudiwa Februari 2024 katika vituo 455. Kila aliyekuwa mezani leo alijua hilo. Ndiyo maana ya kulirudia lile fungu kwa ajili ya karatasi moja.

Nimerudi nyumbani saa nne. Waliojitokeza ni asilimia 82.5, wengi kuliko uchaguzi wowote tangu Ujerumani iungane tena 1990. AfD wameongeza maradufu, kutoka asilimia 10.4 hadi karibu 21. Na hapa mtaani kwangu, Neukölln, kiti kimechukuliwa na Ferat Koçak wa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto. Nchi moja, usiku mmoja.

20 Machi, Alhamisi. Baraza la tatu: maharage

Hili ndilo baraza bora kuliko yote hadi sasa, na nataka kuliandika polepole.

Matokeo rasmi yametoka wiki iliyopita. Nilinunua kilo ya maharage kwenye duka la Waturuki, nikahesabu 100, nikayaleta na sinia la bati. Kila harage ni asilimia moja, desimali tumezirahisisha. Watu walisimama kuzunguka meza. Tukagawa: CDU/CSU 28, AfD 21, SPD ya Scholz 16, chama cha Kijani 12, Die Linke 9. Yakabaki 14 katikati ya sinia, ya vyama vilivyokosa kizingiti: FDP ya Lindner aliyefukuzwa, iliyopata asilimia 4.3, chama kipya cha Sahra Wagenknecht, BSW, kilichopata 4.98, na vidogo vingi.

Nikamwomba yule mama wa zamu za usiku ayaondoe yale 14. Akasita. "Yote? Ni watu hawa." Nikamwambia ndiyo mama, yote. Akayakusanya kwenye kiganja, akayashika tu, hakuyaweka chini.

Yamebaki 86. CDU/CSU na SPD, wanaojadiliana kuunda serikali, wana 28 na 16, jumla 44. Kati ya 100, 44 si nusu. Kati ya 86, ni zaidi ya nusu. Ndivyo asilimia 45 ya kura ilivyozaa viti 328 kati ya 630, na wingi unaohitajika ni 316. Mtu mmoja aligonga meza: "Ahaa! Kumbe!"

Kisha nikamwomba mama arudishe maharage matano tu, ya BSW, kana kwamba wamevuka. Sinia likawa na 91, na nusu yake ni 45 na ushei. Wale 44 hawatoshi tena. Serikali hii inayojadiliwa isingekuwa na wingi, wangelazimika kutafuta chama cha tatu. Na BSW walichokosa ili kufika asilimia 5 ni kura pungufu ya elfu kumi, nchi nzima, kati ya karibu milioni 50 zilizopigwa. Baba Mkubwa aliomba nirudie idadi hiyo. Nikairudia. Akaiandika kwenye daftari lake, akaipigia mstari.

Hatukupata muda wa jambo la juzi, Bunge la zamani kubadili katiba kwa theluthi mbili ili serikali ikope zaidi, siku saba kabla Bunge jipya halijakaa. Liende kwenye muhtasari wa maandishi.

3 Aprili, Alhamisi. Baraza la nne: Ufaransa

Jumatatu mahakama ya Paris ilimtia Marine Le Pen, kiongozi wa mrengo wa kulia kabisa wa Ufaransa, hatiani kwa matumizi mabaya ya fedha za Bunge la Ulaya, ikamzuia kugombea kwa miaka mitano, zuio linaloanza mara moja. Amesema atakata rufaa. Mhadhiri alilazimika kuandika upya nusu ya mhadhara kwenye treni, alituambia mwenyewe.

Kwetu usiku ulikuwa wa Baba Mkubwa. Amefuata siasa za Ufaransa kwa Kifaransa maisha yake yote, na ndiye aliyeeleza uchaguzi wa wabunge wa Juni na Julai 2024: chama cha Le Pen na washirika wake kinaongoza duru ya kwanza kwa karibu theluthi ya kura, kisha ndani ya siku chache wagombea zaidi ya 200 wa kushoto na wa Macron wanajitoa ili wasigawane kura, na Jumapili ya pili chama kilichoongoza kinaangukia nafasi ya tatu kwa viti. "Duru ya kwanza unamchagua umpendaye," alisema, "ya pili unamzuia umwogopaye." Kisha akaongeza kwamba Kongo nayo ilikuwa na duru mbili za urais mwaka 2006, na 2011 katiba ikabadilishwa, ikabaki moja. Hakusema zaidi. Wakongo wenzake walitikisa vichwa, na sisi wengine tukaacha.

6 Mei, Jumanne

Si siku ya baraza, lakini simu imewaka moto. Asubuhi Friedrich Merz, kiongozi wa CDU, alipigiwa kura ya ukansela akapata 310. Alihitaji 316, na mseto wake una 328. Wabunge 18 wa upande wake walau hawakumpa, na kura ni ya siri, hakuna atakayewajua. Haijawahi kutokea tangu Jamhuri hii iundwe 1949. Mchana wakarudia, akapata 325. Nimetuma picha ya sinia la maharage kwenye kundi letu na maneno machache. Dada wa Dodoma amejibu: "Kumbe hata wingi ukiwa nao mkononi, si wako."

22 Mei, Alhamisi. Baraza la tano

Jumapili iliyopita nchi tatu zilipiga kura siku moja: Romania, Poland, Ureno. Romania ndiyo iliyotula muda.

Novemba mwaka jana Călin Georgescu, ambaye wengi hawakumtarajia, aliongoza duru ya kwanza ya urais baada ya kampeni iliyokuwa zaidi TikTok. Tarehe 6 Desemba, siku mbili kabla ya duru ya pili na raia walio nje wameshaanza kupiga kura, Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi wote. Uliporudiwa mwezi huu Georgescu alikuwa amezuiwa kugombea, na Nicușor Dan, meya wa Bucharest, akamshinda George Simion kwa takribani asilimia 53.6.

Chumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa kufutwa kwa uchaguzi wa urais ni nini. Mwenzangu wa Mombasa alisimama: 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, Jaji Mkuu David Maraga. Akaonyesha tofauti, na hapa ndipo alipokuwa mwalimu hasa. Nairobi kulikuwa na mlalamikaji, kesi, mawakili wa pande mbili, siku 14. Bucharest mahakama ilijiamulia yenyewe, kwa nyaraka za usalama wa taifa zilizofunguliwa siku chache kabla. Nairobi hoja ilikuwa jinsi kura zilivyojumlishwa na kutumwa. Bucharest hoja ilikuwa kilichomfikia mpiga kura kabla hajaingia kituoni. Watu waligawanyika. Nusu waliona Romania ilijilinda, nusu waliona ilimpora mwananchi karatasi yake. Nimo kwenye hiyo nusu ya pili, kwa sababu ya lile sanduku la Neukölln, lakini niliongoza mjadala bila kusema.

Ureno: Chega, chama cha mrengo wa kulia kabisa, wana viti 58 sawasawa na Wasoshalisti, na kura za Wareno walio nje ya nchi bado. Hizo ndizo zitakazoamua nani wa pili. Tukajikuta tunaulizana, kwa zamu, nani humu ana kura popote. Mwenzangu wa Mombasa alipiga yake hapa hapa Berlin Agosti 2022, Kenya ilipoiongeza Ujerumani kwenye vituo vya nje. Akiomba uraia wa Ujerumani atapiga na ya hapa pia, kwa kuwa tangu Juni 2024 sheria ya Ujerumani haimtaki mtu aache uraia wake wa kwanza, na Kenya inauruhusu wa pili. Sisi Watanzania saba tulioketi pale tulisikiliza tu.

2 Juni, Jumatatu

Jana usiku nilikosea. Saa tatu, vituo vya duru ya pili ya urais wa Poland vilipofungwa, makadirio yalimpa Rafał Trzaskowski 50.3 dhidi ya 49.7 za Karol Nawrocki, nami nikaandika kwenye kundi: "Trzaskowski ameshinda." Asubuhi hii Nawrocki ndiye rais mteule, kwa asilimia 50.89. Nimeomba radhi kwa maandishi, na nimeongeza kwenye msamiati maneno mawili yaliyokuwa hayapo. Makadirio: wapiga kura waliohojiwa wakitoka kituoni. Matokeo: karatasi zilizohesabiwa. Neno "ameshinda" halitumiki na la kwanza.

Ureno: kura za nje zimewapa Chega viti viwili. Ni 60 sasa, wa pili.

10 Juni, Jumanne

Wiki iliyopita Geert Wilders alikitoa chama chake serikalini, na serikali ya Uholanzi ikaanguka. Uchaguzi umewekwa 29 Oktoba. Chuo kinataka mhadhara jioni hiyo hiyo, na nimeshaandikisha chumba. Uholanzi haina kizingiti kabisa zaidi ya kura zinazotosha kiti kimoja kati ya 150, hivyo nitahitaji maharage 150 na sinia kubwa zaidi.

28 Julai, Jumatatu

Juzi Jumamosi Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi imetangaza siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania: Jumatano, 29 Oktoba.

Niliitazama kalenda ya ukutani mara mbili. Jioni hiyo nitakuwa mbele ya sinia nikigawa viti vya The Hague, na nyumbani Tanga mama yangu atakuwa ametoka kwenye foleni. Sheria yetu haimpi kura Mtanzania aliye nje. Nimewauliza wale sita wengine kama tusogeze baraza hadi wiki inayofuata. Dada wa Dodoma amekataa: "Usisogeze. Nitakaa wapi usiku ule, peke yangu na simu?" Mama wa zamu za usiku, ambaye ni wa Bujumbura na hata hayamhusu, amesema ataomba ruhusa kazini na ataleta maandazi.

Chumba kinabaki kama kilivyo. Nimemwandikia msimamizi wa jengo kuomba tukae mpaka saa tano badala ya saa tatu.